Maji ya Koko Julienne

Risiva ya zamani ya hita ya kanisani iliuawa na mjusi. Nilipoifungua nilimkuta amelala ndani, amekauka kama jani la tumbaku, mguu wake mmoja umegusa pale pasipoguswa. Nilimtoa kwa kibano nikamlaza juu ya karatasi. Prodige, aliyekuwa amenishikia tochi, akaniangalia usoni na kuanza kucheka.

"Injinia wetu analilia mjusi! Deborah, nikuletee kitambaa? Tumfanyie na matanga?"

Prodige ndiye mwenye duka la simu ninapofanya kazi, na amezoea kwamba mimi hujibu kesho yake. Nimesoma umeme chuoni, cheti ninacho, lakini watu wakinitazama wote kwa pamoja sauti yangu hurudi ndani. Kanisani waliponipa jina la "injinia wetu" nilitamani sakafu inimeze.

Kanisa letu limepanga ukumbi wa zamani hapa Greyville, Durban, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Waliojenga ukumbi ule waliacha kitu ambacho makanisa mengi ya Wakongomani hayana: birika la ubatizo, lililofichwa chini ya mbao za jukwaa, lenye ngazi za kushukia upande huu na za kupandia upande ule. Nyuma ya ukuta kuna hita ya kupashia maji. Ndani ya chumba cha pasta kulikuwa na thamostati ndogo ukutani. Ukizungusha kidude chake, inatuma amri hewani, na risiva iliyo kando ya hita inaipokea na kuiwasha. Risiva ikifa, hita haisikii kitu. Inakaa tu pale, nzima kabisa, kama kiziwi.

Na mimi nilitaka maji yale yapate moto kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu ya bibi yangu.

Koko Julienne ametulea, mimi na marehemu kaka yangu, tangu kambini. Kule Uvira, kabla sijazaliwa, mume wake alibatizwa mtoni Jumapili moja pamoja na wanaume wa mtaa wao. Zamu ya wanawake ilikuwa Jumapili iliyofuata. "Kanzu nilikuwa nimeshashona," huwa anasema. "Ijumaa tukakimbia." Baada ya hapo ilikuwa ni barabara, kambi, mpaka, kambi nyingine, halafu Durban. Hapa wengi hubatiza baharini. Koko alijaribu mara moja, akatia miguu, wimbi likarudi na mchanga chini ya nyayo zake, akatoka. "Bahari ya huku inakuvuta nguo kama mtoto anayetaka kubebwa," alisema. "Mimi sina nguvu ya kuibeba." Isitoshe kifua chake ni kibovu. Daktari wa kliniki alimwambia waziwazi kwamba maji baridi yanaweza kumbana pumzi moja kwa moja. Akiingia kwenye maji, yawe kama ya kumwogeshea mtoto.

Kwa desturi ya kanisa letu, asiyezamishwa hali meza ya Bwana. Kila mwanzo wa mwezi sinia la mkate hupita mstari wetu. Mimi huchukua kipande. Koko hulipokea sinia kwa mikono miwili, kwa heshima, na kulipitisha kwa jirani. Nimeiona mikono ile ikipitisha sinia tangu nikiwa na miaka kumi.

Sasa mwenye ukumbi alikuwa ameuza. Mwisho wa Julai tungehamia Pinetown, kwenye ghala lililo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Ghala lina choo kizuri na maegesho, birika halina. Pasta Anaclet alitangaza ubatizo wa mwisho, Jumapili ya mwisho ya mwezi. Waliojiandikisha walikuwa vijana sita na Koko.

Risiva kama ile ya zamani hatukuipata popote. Ijumaa jioni Prodige alikuja na mpya, nyeupe, nyembamba, ya kisasa. "Hii iko na akili," alisema. "Unaipa amri kwa simu, hata ukiwa Johannesburg."

"Hatuendi Johannesburg," nilisema.

"Sikiliza huyu! Siku akiongea ni kunitoboa."

Nilizima swichi kubwa, nikapima waya mara mbili, nikaondoa ya zamani na kufunga mpya mahali pake. Ina uzi wake wa kupimia joto, nikaushusha ndani ya birika. Nilipenda kazi ile. Waya hazikutazami. Tatizo lilikuwa moja: risiva ya aina hii inahitaji intaneti, na ukumbini hakuna. Prodige akatoa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, tukaiweka nyuma ya pazia katika chumba cha pasta, imechomekwa kwenye chaja, ikawa inairushia risiva intaneti. Ikakubali. Nambari ya joto la maji ikatokea usoni pake: kumi na saba. Nikaweka thelathini na tatu, na ratiba ya kuwaka mchana na usiku hadi Jumapili. Hita ikaguna nyuma ya ukuta.

Koko alikuwa amekaa kiti cha mbele akitusubiri. Aliposikia mguno ule akainua kichwa. "Ni yeye?"

"Ni yeye, Koko."

"Asante, mama," akaniambia, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Jambo moja ni lazima nilieleze, maana bila hilo hakuna atakayetuelewa. Kabla ya kila ubatizo sisi hufunga. Wengine wanafunga chakula, lakini wote tunafunga simu. Tangu Ijumaa jioni mpaka mwisho wa ibada ya Jumapili, hakuna aliye na simu. Maman Cathy, mkubwa wa protokoli, wale wanaopokea watu mlangoni, anapita na beseni kubwa la bluu lililofunikwa kitenge, na kila mtu anaizima yake na kuiweka humo. Beseni hulala kwake. Pasta Anaclet anasema kelele za simu ni kama nzi juu ya sala. Mwanzoni watu walinung'unika, siku hizi wanaupenda mfungo huo. Wanasema wanalala vizuri.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilimfuata Pasta mlangoni, nikamweleza kuhusu simu iliyo nyuma ya pazia. Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu ya ngoma.

"Simu ya maji?" akasema. "Hiyo ina ruhusa. Hiyo nayo inahudumu." Akacheka, akanishika bega. "Nitawaambia wa protokoli."

Nikaizima simu yangu na kuitia katika beseni.

Jumamosi mchana nilikwenda kuangalia. Birika lilikuwa linafuka kidogo, au nilitaka kuona hivyo. Nambari ilikuwa ishirini na tatu. Birika lile ni kubwa na hita ni ndogo. Maji yanapanda polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi. Lakini yalikuwa yanapanda. Nilipiga hesabu kichwani: hadi asubuhi yangefika thelathini na kitu. Nilirudi nyumbani Berea kwa miguu, nikipanda mlima bila kuona mlima.

Koko alikuwa amepiga kanzu pasi na kuitundika kwenye kitasa cha dirisha. Kanzu nyeupe, ndefu, ameishona mwenyewe, na chini ametia vijiwe kwenye pindo ili isielee majini. Aliniuliza, "Wameshapima?"

"Ishirini na tatu."

"Hiyo iko moto?"

"Bado. Kesho itakuwa moto."

Usiku ule umeme ulikatika. Siyo jambo geni. Tulikaa gizani kidogo, Koko akaomba kwa sauti ya chini, kisha taa zikarudi na friji ikatetemeka. Niliwaza birika. Nikajiambia risiva nayo itakuwa imeamka, kama friji. Mkono wangu ulikwenda mezani kutafuta simu niangalie, nikakumbuka kwamba simu iko kwenye beseni. Ukumbi ulikuwa umefungwa, ufunguo uko kwa mlinzi wa mwenye jengo, ambaye haji mpaka asubuhi. Nikalala. Ningefanya nini kingine?

Tulifika kukiwa bado na kiza, mimi na Koko, pamoja na mlinzi. Nilijua kabla ya kuona. Ukumbi ulikuwa kimya. Hakukuwa na mguno nyuma ya ukuta.

Nambari ilikuwa kumi na tisa.

Kitaa cha risiva kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinatafuta. Nilikimbilia chumba cha pasta nikafungua pazia. Chaja ilikuwepo. Simu haikuwepo.

Maman Cathy alipoingia na beseni lake, nilimwonyesha chaja. Nilitaka kumuuliza, maneno yakagoma. Alitazama chaja, akanitazama mimi, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ile simu iliyopasuka?" akasema. "Jana jioni nilikuja kupiga pasi mapazia. Nikasikia inalia, ti-ti, ti-ti. Nikasema, eish, kuna mtu ameficha simu ili avunje mfungo. Nikaizima, nikaitia na zingine. Sikuuliza ya nani. Sikutaka kumuaibisha mtu, Deborah. Nilisema, Bwana anamjua, inatosha."

"Ni ya maji," nilisema.

"Ni ya maji?"

"Ndiyo inayorusha intaneti. Umeme ulipokatika risiva ilijizima. Uliporudi ikaitafuta simu ili ijue ni saa ngapi. Haikuipata. Haianzi kama haijui saa."

Maman Cathy akaweka beseni chini. Akakaa karibu nalo, sakafuni, na vazi lake la Jumapili. "Nilimfichia mtu dhambi," alisema, "na mtu mwenyewe hayupo."

Pasta Anaclet alikuwa amefika nyuma yetu na Biblia yake kwapani. Alifunga macho. "Nilikuwa niwaambie. Ijumaa, baada ya wimbo." Hakumaliza. Hatukumlaumu. Ukimtazama usingeweza.

Kwenye risiva kuna kitufe cha kuiwasha kwa mkono. Nikakibonyeza. Hita ikaguna, mwaminifu, kana kwamba hakuna kilichotokea, na kidogo nichukie mguno wake. Ingetaka siku nzima na usiku wote. Prodige, aliyekuwa naye amefika, alisogea, mara hii hakucheka.

"Huwezi kuiongezea nguvu? Ukaunga moja kwa moja?"

"Nguvu yake ni ileile. Nikiunga moja kwa moja bila kipimo, na watu wako majini..." Nilitikisa kichwa.

"Basi tuchemshe."

Hilo ndilo tulilofanya. Wanaoishi kwenye fleti za jirani walikimbia kwao, wakarudi na sufuria, na birika za chai, na ndoo zimefunikwa sahani. Wamama wa protokoli, glovu nyeupe mikononi, walikuwa wanapokezana maji ya moto ngazini. Vijana sita wa kubatizwa walisimama kwenye foleni na kanzu zao wakibeba ndoo. Prodige alikuwa anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni! Tunapika supu ya watu!" na watu walicheka, hata Koko alicheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya kipimo. Kila walipomwaga, nambari iliruka, ishirini, ishirini na moja, halafu maji yakichanganyika ikarudi. Ni kama kumpa tembo maji kwa kijiko. Nilijua hesabu yake, na sikuisema, kwa sababu walikuwa wanaleta ndoo kwa furaha.

Ibada ikaanza. Vijana wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wakitetemeka, midomo ya kijivu, wakipigiwa vigelegele. Mwisho Pasta akageuka, amelowa hadi kifuani, akamtazama Koko aliyeketi mbele na kanzu yake. Meno ya Pasta yenyewe yalikuwa yanagongana. Akapanda ngazi, akamwinamia.

"Koko, haiwezekani. Nikuzamishe humo, kifua kifunge, nitamwambia nini Mungu? Nikunyunyizie. Mungu anaelewa."

"Nilinyunyiziwa nikiwa mtoto," Koko alisema. "Mapadri walininyunyizia nikiwa nalia. Mimi nataka kushuka kwa miguu yangu."

"Kuna bafu kwa dada yangu, Glenwood, maji ya moto yapo," mtu mmoja akasema nyuma.

Koko akageuka kumtafuta aliyesema, bila hasira. "Nikaoge kwa dada yako? Hawa ndio nimekula nao. Nishuke mbele yao, nitoke mbele yao." Kisha akamwambia Pasta, "Endelea na ibada, mwanangu. Hiyo kitu si inawaka? Mimi nitangoja."

Akangoja. Ibada ikaisha, simu zikarudishwa, watu wakabaki. Hakuna aliyeaga. Walikaa kwenye viti wakiimba taratibu, wengine wakala mikate ya mayai kutoka dukani, Maman Cathy akamvisha Koko koti lake juu ya kanzu. Hita iliguna. Simu iliyopasuka ilikuwa imerudi nyuma ya pazia, na sasa simu yangu ilinionyesha kila kitu vizuri, nambari, mstari, hata picha ya moto mdogo. Ishirini. Baada ya muda mrefu, ishirini na moja. Niliitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Alasiri ukumbi siyo wetu. Kuna kanisa la Wazulu linaloingia baada yetu, na siku hiyo walifika na ngoma zao na mavazi ya kijani, wakasimama nje kwenye baridi. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya upole, alichungulia, akamwona Koko kando ya birika.

"Gogo anasubiri nini?" akauliza kwa Kiingereza, akimwita bibi kwa Kizulu. Pasta akamweleza. Yule mama akaweka mkono mdomoni. Akatoka, akazungumza na watu wake, na kwa muda tukasikia wanaanza ibada yao kule nje, njiani, ili wasitutoe. Hilo lilinifanya nilie. Lakini walikuwa na watoto wachanga na upepo ulikuwa wa Julai, na sote tulijua hawawezi kukaa kule.

Nambari ilikuwa ishirini na mbili.

Koko akavua koti la Maman Cathy. Akashuka ngazi ya kwanza isiyofikiwa na maji, akainama, akakunja mkono wa kanzu na kutia kiwiko, kama wanavyopima maji ya mtoto. Akakaa hivyo. Kisha akageuza uso, si kwa Pasta, kwangu.

"Deborah. Wewe ndiye umesoma. Niingie?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Nilimwona Pasta ameshika ukingo wa jukwaa. Nilijua kwamba nikisema ndiyo ataingia, na pengine atatoka salama, pengine Mungu atakuwepo, pengine kifua kitavumilia. Na pengine hakitavumilia, na mimi ndiye nitakayekuwa nimesema. Nilijua pia kwamba nikisema hapana atanitii, na hapatakuwa na birika lingine. Nilitafuta jibu la tatu. Chuoni walitufundisha kwamba kila hitilafu ina mahali pake, ukitafuta kwa utaratibu utapafikia. Nilikuwa nimeshapafikia. Hapakuwa na cha kufanya hapo.

"Hapana, Koko," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi.

Koko alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kukirudisha mezani. Akatoa mkono, akaupangusa kwenye shavu lake, upande huu na upande huu. "Kwa mtoto ingekuwa bado," alikubali. Akanyoosha mkono nimpandishe.

Nilizima hita. Kwa makubaliano na mwenye jengo ilibidi tuliache birika tupu, kwa hiyo nilifungua bomba la chini. Maji yalitoka nje kupitia mfereji wa uani, na nilipoweka vidole vyangu vya baridi chini yake yalikuwa vuguvugu, karibu ya kufaa. Karibu. Wazulu waliingia wakiimba, na kila aliyepita mbele ya Koko alimshika mkono na kusema, "Gogo." Prodige alifungua risiva ukutani, akaiviringisha kwenye gazeti. Alitaka kusema mzaha wowote, nilimwona akiutafuta. Mwishowe alisema tu, "Sharp, Deborah," neno la huku la kusema sawa, na kunipa.

Ndani ya teksi ya kupanda Berea Koko alikaa dirishani. Pasta alikuwa amemnong'oneza kitu mlangoni, nami nikamuuliza ni nini.

"Ati mwezi ujao nichukue mkate. Ati ameamua."

"Na wewe?"

"Nimemwambia asante. Nimemwambia nitashika sinia kama siku zote."

Tukapita roboti mbili, zile taa za barabarani. Kwenye ile ya tatu alinigusa goti. "Ulisema vizuri. Watu wote walisikia."

Nyumbani alivua kanzu. Ilikuwa kavu kabisa, isipokuwa mkono mmoja, kwenye kiwiko. Aliutundika upande huo kwenye jua dogo lililobaki mpaka nao ukakauka. Mikunjo ya pasi ya Jumamosi ilikuwa bado imesimama. Akaikunja kwa kufuata mikunjo ileile, vijiwe vya pindo vikigongana kidogo, akanipa niitie ndani ya sanduku lake.

Niliinua mablanketi ili niiweke mahali salama, chini.

"Huko hapana," Koko alisema. "Weka juu."